Hao ni Wetu

Kambi ya Polisi, Kampala
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Tajudin,

Sikusalimu. Salamu utazipata siku nitakayopoa, na sijui itakuwa mwaka gani. Namba yako nimeizuia kwenye simu kwa sababu sitaki kuisikia sauti yako. Sauti hiyo ndiyo iliyoniletea haya. Ukiwa na la kujibu, andika, umpe binamu yangu Concy kwenye meza yake ya nguo pale soko la Owino. Yeye hupita kwangu kila jioni.

Jana tulipotoka kanisani, Concy alimletea Baba filamu yako mpya kwenye flashi, ile ya Wamarekani na Wajapani wanaopigana baharini. Unajua Baba asivyokosa filamu zako. Wazee wenzake wanasikiliza mahubiri redioni, yeye anakusikiliza wewe, Vijei Taji, ukitafsiri sinema kwa Kiswahili. Miaka themanini na miwili, meno hana, lakini kucheka anajua. Ulipompa nahodha wa Kijapani sauti ya yule mkusanya ushuru wa soko la Nateete, alijipiga mapaja. Ulipomwita kapteni wa Kimarekani "Afande Mahindi" alikohoa mpaka Concy akamletea maji. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki, nikawa nakuombea baraka. Nilikuombea wewe, Tajudin!

Halafu nyambizi ya Wajapani ikaipiga meli ya askari, na kicheko kikakatika. Nilidhani umeme umekwenda. Nilipofika mlangoni na mwiko mkononi, nikaona watu wamejaa majini, manowari ya Wamarekani inawajia mbio, na sauti yako haikuwa tena ya mzaha. Ulikuwa unasema, "Oyat, mume wa Adoch, shika ubao! Hao ni wetu! Hao ni wetu!" Kisha mapipa ya mabomu yakaanza kutupwa majini, katikati ya watu wanaoogelea, kuitafuta nyambizi iliyojificha chini yao.

Oyat mume wa Adoch ni babu yangu. Unamjua kuwa ni babu yangu. Alikufa baharini mwaka 1944, Mwingereza akiwapeleka Burma, na Baba akiwa na miaka miwili.

Baba alisema, "Concy, rudisha nyuma." Akasikiliza. "Rudisha tena." Mara tatu. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Laker, huyu mtu nasema nini? Nani naua baba yangu? Si Mjapani?" Nikamwambia ni sinema tu, Baba. Akainuka, akaingia chumbani. Uji wa asubuhi umerudi jikoni na ngozi juu.

Karatasi ya yule mzee wa Bombo, aliyekuwa na babu melini, nilikuletea wewe mwaka 2003 kwa kuwa iliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na sikuwa na mtu mwingine wa kunisomea. Tulikuwa wawili tu tunaojua kilichomo. Uliapa kwa Mungu wako, mkono kifuani. Miaka ishirini na moja umenyamaza, kisha umeisoma kwa kipaza sauti, Kampala nzima ikisikia!

Sasa sikiliza. Kila mtu anajua kwamba vijei huongeza chumvi. Njoo hapa umwambie Baba kwamba ulitunga. Mwambie jina ulilipata kwake mwenyewe, kwa jinsi anavyolitaja kila siku, na mengine ni utani wa kazi. Ni hilo tu ninalotaka. Usipokuja, mimi nina sare na nina pingu, na kutoka kituo cha Wandegeya mpaka Nateete si safari.

Laker

*

Nateete
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Dada Laker,

Nakusalimu hata kama hutaki. Mama yangu Mahfudha pia anakusalimu, na hajui kwa nini unatajwa nyumbani kwa sauti ya chini.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Pingu ziweke. Uijue kazi yangu kwanza, maana watu huimba jina la Vijei Taji bila kujua anafanyaje. Hakuna mtu aniandikiaye maneno. Nakaa kwenye kile chumba nyuma ya duka la vitambaa la Mama, nimefunga dirisha kwa godoro, filamu inakimbia mbele yangu, na mimi nasema. Wazungu kumi wanaongea kwa pamoja, kinywa changu ni kimoja. Lazima niwape majina watu wawakumbuke. Majina yanakuja yenyewe. Nimewahi kumwita jambazi kwa jina la imamu wetu, nikaomba radhi msikitini. Ulimi hauna mfupa. Jina la babu yako lilinitoka, basi. Sikukusudia.

Hata hivyo nimefanya ninaloweza. Sehemu ile nimeikata. Wauzaji wa Owino nimewaambia warudishe flashi zote za filamu ile, ingawa sitakudanganya, nyingine zimekwisha vuka mpaka na wasafirishaji wa Juba na Goma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini hilo jingine unaloniomba, dada, siliwezi. Mzee Olal alinibeba mabegani siku tuliyomzika baba yangu, nikiwa mtoto wa miaka minane, ili nione kaburi. Kila Idi anakula pilau kwetu na anakaa kiti kile kile. Nimwangalie machoni nimwambie nilitunga? Mimi ni mwongo wa sinema. Nikitoka kwenye chumba changu mimi ni mtu kama watu.

Na kwa kuwa umeanza, nami niseme. Kila Idi mzee huyo anatuhadithia namna Mjapani alivyomuua baba yake. Mama anasema "pole", watoto wa dada yangu wanasema "pole", na mimi natazama sahani. Miaka ishirini na moja natazama sahani kwa ajili yako. Umewahi kujiuliza inanipa nini?

Tajudin

*

Kambi ya Polisi
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Kwa Bwana Tajudin, mtafsiri wa filamu, Nateete.

Mimi, Olal mwana wa Oyat, sajenti mstaafu wa polisi, naandika haya kwa hiari yangu na kwa akili timamu.

Nimeitazama filamu yako mara nne. Mara tatu nyumbani. Ya nne, siku ya Alhamisi, nilipanda bodaboda mpaka kile kibanda cha video kilicho jirani yako, nikalipa kama wengine, nikakaa na vijana. Pale nikakuta sehemu ile imekatwa. Meli inapigwa, halafu ghafla watu wako kwenye karamu wanacheza muziki. Vijana wakazomea. Mimi sikuzomea. Katika kazi yangu, mtu akifuta alama za miguu mlangoni, nilikuwa najua kwamba alipita.

Baba yangu aliondoka nikiwa sijui kutembea. Mama yangu alipewa karatasi na mkuu wa wilaya. Imeandikwa kwamba amepotea baharini kwa kitendo cha adui. Karatasi hiyo nimeilinda katika vita vyote vilivyopita kwetu. Tumekimbia tukaacha ng'ombe, karatasi hatukuiacha. Medali yake naivaa kila Novemba, siku ya kuwakumbuka askari, nasimama juani mpaka wakubwa wamalize hotuba, na napiga saluti. Nimewachukia Wajapani maisha yangu yote. Mwanangu Oryem, Mungu amlaze, alipotaka kununua pikipiki nilimkataza kwa sababu imetengenezwa na Wajapani. Alinicheka, lakini alitii.

Kwa hiyo nakuuliza, nawe ujibu kwa maandishi.

Nani alikuambia kwamba baba yangu aliuawa na mabomu ya upande wake mwenyewe? Je, ni wazee wa kambini wanaojua jambo ambalo mimi silijui? Na kwa nini hukuja kuniambia mimi kwanza, kabla ya kuwaambia wanunuzi wa flashi?

Usiniongopee. Miaka thelathini na nne nimeandika maelezo ya waongo. Nawajua hata kwa mwandiko.

Sajenti Mstaafu Olal

*

Kambi ya Polisi
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Tajudin,

Baba ameniomba karatasi ndefu na bahasha, akaandika siku nzima mlango umefungwa. Najua amekuandikia. Concy hakukubali kunionyesha barua. Anasema mzee amemwapisha.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa na mambo ya mabegani na kaburi la baba yako. Ungekuwa unamheshimu hivyo usingeuza kifo cha baba yake pamoja na matangazo ya dawa ya meno. Na hilo la jina "kukutoka" siliamini hata kidogo, ila leo sina nafasi ya kulibishania.

Anachofikiri ni kwamba kuna mzee fulani kambini aliyekuambia. Juzi alikwenda nyumba kwa nyumba, fimbo mkononi, akiwauliza wastaafu wenzake kama wamekuwa wakimcheka. Mzee mmoja alilia. Hawajui kitu, maskini, na yeye anaondoka akisema wote ni waoga. Atawamaliza marafiki wote aliobakiwa nao. Hawazidi wanne.

Nakuomba. Umeona, natumia neno hilo, mimi Laker. Mwandikie kwamba ulitunga. Kwenye karatasi hutamwangalia machoni. Andika mistari mitatu utie sahihi.

Laker

*

Nateete
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Mzee wangu Olal,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeniambia. Wazee wa kambini hawana kosa, tafadhali wasamehe. Habari ile niliitunga mwenyewe. Niliona watu majini, nikakumbuka hadithi zako za Idi kuhusu marehemu, jina likanijia. Sisi vijei tunaongeza chumvi ili mchuzi upendeze, na safari hii niliimwaga yote. Baba yako aliuawa na Mjapani kama karatasi yako inavyosema.

Nakuomba radhi, mzee wangu. Mtoto akinyea kiganja hakikatwi.

Mwanao,
Tajudin

*

Nateete
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Laker,

Usimtafute baba yako, najua umeshazunguka hospitali. Yuko sebuleni kwangu.

Alifika jana baada ya sala ya adhuhuri, na begi lake la safari, Biblia yake, fimbo, na barua yangu mkononi. Mama akamkaribisha kama kawaida. Akakaa kiti kile cha Idi, akavaa miwani, akanisomea barua yangu yote kwa sauti, pole pole, kana kwamba tuko mahakamani. Alipomaliza akasema, "Vizuri. Sasa niambie. Kwa filamu ulisema namba ya jeshi ya baba yangu. Namba sita, moja kwa moja. Mimi nasimulia habari ya baba yangu kila Idi. Namba sijawahi sema. Ulitunga namba?"

Laker, nilisahau namba. Wewe ulikuwa jikoni, huenda hukuisikia, na mimi nilisahau. Yule mzee Zubairi wa Bombo aliiandika kwenye karatasi yake, na mimi niliisema kwenye filamu kama mtu anayeita askari kwenye mistari. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akasema, "Njia ya mwongo fupi, Tajudin," akaingia ndani akaniacha nife peke yangu.

Baba yako hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Amesema atakaa hapa mpaka nitakaposema, na amekaa. Anakula chakula cha Mama, anakunywa chai, anasema asante, halafu anaweka fimbo magotini na kunitazama. Wateja wa vitambaa wanadhani ni mlinzi. Nikienda kurekodi anaburuta kiti mpaka mlangoni. Sijafanya kazi tangu jana. Nitawezaje kufanya mizaha na mtu yule nyuma ya mlango?

Bado sijakutaja. Lakini ameniambia, "Karatasi ya mkuu wa wilaya, yenye namba, iko kwa sanduku langu. Ufunguo uko na mimi, na uko na mtoto wangu." Basi. Anakijua kilichobaki, anataka mtu akiseme.

Nami nina langu la kukiri, kwa kuwa siku hizi ni za kukiri. Nilikudanganya. Jina halikunitoka. Niliitazama filamu ile mara mbili kabla ya kurekodi. Kwa Kiingereza kapteni yule anawatazama watu wake majini na kusema, "Hao wamekwisha kufa. Tupeni mabomu." Mwishoni anavalishwa nishani na bendera zinapepea. Nilifungua mdomo nitafsiri neno hilo, likagoma. Nilizima mashine nikakaa. Niliyasikia maneno ya mzee Zubairi kama nilivyokusomea wewe, mstari kwa mstari. Nikawasha, nikayasema hayo badala ya maneno ya kapteni. Nilitaka yasikike mahali. Sikutaka yasikike kwenu, naapa, ila nilitaka yasikike. Nilikuwa nimechoka na hasira ya siri isiyo yangu.

Mwandikie mwenyewe. Nakupa mpaka keshokutwa, kisha nitasema.

Tajudin

*

Kambi ya Polisi
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Baba,

Ni mimi. Wazee wa kambini hawana kosa. Tajudin ana kosa lake, lakini aliyempa habari ni mimi.

Mwezi Machi mwaka 2003 ilikuja barua kwa posta, jina lako juu ya bahasha, ndani herufi za Kiarabu. Uliiona. Ulikuwa umelala chumbani na malaria, ukaniuliza ni nini. Sikujua bado. Nikaipeleka Nateete, Tajudin akanisomea. Iliandikwa na mzee Zubairi wa Bombo, aliyekuwa na babu kwenye meli ileile. Alitaka ujue kabla yeye hajafa. Niliporudi ukaniuliza tena. Nikasema ni dua, Baba, Waislamu wa Nateete wamekuandikia dua ya mgonjwa. Ukafurahi. Ukasema dua haitupwi, hata ikiwa ya dini nyingine, tuiweke ndani ya Biblia yako. Niliiweka kwenye Zaburi. Iko hapo mpaka leo. Umeibeba wewe mwenyewe kwenda Nateete. Fungua, mpe Tajudin akusomee.

Sasa unataka kujua kwa nini, na una haki. Oryem tulikuwa tumemzika Januari. Jeneza lilikuja limepigwa misumari, wakasema lisifunguliwe, wakasema waliomuua ni waasi, wakakukunjia bendera. Ulilibusu lile jeneza, ukasema, "Nimezaa askari, na ni mtoto wa askari, adui anajua nyumba yetu." Neno hilo ndilo lililokuinua kitandani. Hukuwa na jingine. Miezi miwili baadaye naletewa karatasi inayosema kwamba babu hakuuawa na adui. Ningekupa hiyo? Nilijua utaanza kuuliza habari za lile jeneza, nani hasa aliyemuua Oryem, na ningekuzika wewe kabla ya Pasaka.

Nilisema nitakupa utakapopona. Ulipopona nikasema baada ya Novemba. Novemba ilipofika nilikupigia pasi shati, nikakubandika medali kifuani, nikakuona umesimama wima. Nikasema mwakani. Halafu nikaacha kusema. Baada ya miaka fulani uongo hauumi, Baba. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimekasirika na Tajudin mpaka nimeumwa kichwa wiki mbili. Nilikuwa najificha ndani ya hasira hiyo. Nisamehe.

Mwanao,
Laker

*

Nateete
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Laker,

Nimefungua Zaburi. Karatasi ilikuwepo. Miaka ishirini na moja nimelala nayo kichwani. Usiku nilipokuwa na homa niliigusa, nikiamini inaniombea.

Tajudin amenisomea, na mama yake amekaa nasi. Nakunakilia hapa kipande, uone kama ndicho ulichosomewa wewe, maana simwamini mtu kwa sasa.

"Meli ilizama upesi kuliko mtu kuvaa viatu. Mimi na Oyat tulishika ubao mmoja. Nyambizi ya Mjapani ilikuwa chini ya miguu yetu, tuliiona kama kivuli. Ndipo manowari ya kwetu ikaja kwa nguvu. Watu waliokuwa majini walishangilia, wengine walivua mashati wakapunga. Oyat akaniambia, Hao ni wetu. Halafu mapipa yakaanza kuanguka. Maji yalinyanyuka pamoja na watu. Nilipopata fahamu, ubao ulikuwepo, Oyat hakuwepo. Nyambizi waliipata baadaye, wakaipiga, wakafurahi. Sisi tuliobaki tulikatazwa kusema. Nimekatazika miaka hamsini na tisa. Olal mwana wa Oyat, baba yako hakuwa peke yake na hakulia. Nijibu, nipate kufa vizuri."

Nijibu, aliandika. Huyu mtu alikuwa Bombo, mwendo wa saa moja kwa taxi. Alikuwa hai. Alikuwa ameshika ubao mmoja na baba yangu. Mimi baba yangu sikuwahi kumwona. Sijui alikuwa mrefu au mfupi, sijui sauti yake. Mtu mmoja duniani alijua, akanibishia hodi, na wewe ukamfungia mlango. Jana nimekwenda Bombo na Tajudin. Zubairi alikufa mwezi wa Ramadhani mwaka ule ule wa 2003. Binti yake Kaltumi anasema mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza kama posta imefika.

Mwingereza namlaani, na kapteni wake namlaani kaburini alipo. Alituandikia "adui" na sisi tukaamini. Saluti zangu zote alizila yeye. Wajapani walipiga meli, hilo sikatai, ni vita. Lakini wao hawakunidanganya. Novemba hii sitakwenda juani kwa mtu.

Lakini Mwingereza ni mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Ulinipigia pasi shati, Laker! Ulinibandika medali kwa vidole vyako, ukarudi nyuma kunitazama, ukasema, "Umependeza, Baba." Ungenipiga kofi ingekuwa afadhali.

Unasema uliogopa nitauliza habari za jeneza. Haya, nauliza. Kuna barua nyingine? Kuna mtu aliyekuja, akapiga simu, akakuambia neno lolote juu ya Oryem? Alikufaje mwanangu? Jibu kwa maandishi.

Olal

*

Kambi ya Polisi
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Baba,

Hakuna barua. Hakuna aliyekuja wala kupiga simu. Juu ya Oryem sijui kitu zaidi ya unachokijua wewe. Niliogopa swali kwa sababu sikuwa na jibu. Naapa kwa kaburi la Mama, naapa kwa Oryem mwenyewe. Njoo upekue nyumba nzima, vunja sanduku langu, chukua simu yangu. Niulize mbele ya padri, au mbele ya imamu wa Tajudin. Nitasema hivi hivi.

Nije kukuchukua Jumapili?

Laker

*

Nateete
Jumanne, 29 Oktoba 2024

Laker,

Jumapili sikukujibu kwa makusudi. Bi Mahfudha anasema nimekuwa mkali kupita kiasi, na mtu hasusi damu yake. Nimemwambia aniache nimalize.

Barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma maelezo kituoni, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa kalamu. Mkono wako umetetemeka pale ulipomtaja mama yako. Mkono wa mtu anayesema kweli hutetemeka hivyo. Wa mwongo pia. Katika miaka thelathini na nne sikuwahi kupata njia ya kuwatofautisha kwa kiapo, maana wote huapa sawasawa. Nilikuwa natazama uso.

Na uso wako naujua. Kila Novemba, tukirudi kutoka kwenye sherehe, nilikuwa nakuuliza kama kuna mtu yeyote amewahi kutuandikia juu ya baba yangu. Ulikuwa unanivua koti na kusema, "Hakuna, Baba." Uso ulikuwa safi. Sikuona kitu. Uso huo huo ndio utakaoniletea ukija kuniambia habari za Oryem, na hata ukisema kweli tupu mimi sitakuwa na namna ya kujua. Hicho ndicho ulichokichukua kwangu. Mwingereza alichukua baba, waasi au nani sijui wakachukua mtoto, na wewe umechukua hicho.

Wewe ndiye mtoto niliyebaki naye. Nataka kukuamini. Leo nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa. Kesho nitajaribu tena.

Usije mpaka nitakapokuita.

Baba yako,
Olal